Anayehesabu sisimizi naye apewe nafasi ya kusoma

Mhariri,

Kwenye udongo mweusi wa Laikipia kuna mgunga mfupi wenye vinundu vilivyotobolewa. Upepo ukivuma, mti hupiga mluzi. Ndani ya vinundu huishi sisimizi. Mti huwapa makao na utomvu mtamu, nao humvamia tembo anayethubutu kuupelekea mkonga. (Mtu aliyeuegemea bila kujua naye hasahau.)

Sasa wameingia sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa. Huwaua wenyeji, na mti hawaulindi. Tembo wakaivunja migunga, mbuga ikawa peupe, simba akakosa pa kumvizia punda milia, akageukia nyati. Utafiti ulioonyesha hayo, katika hifadhi ya Ol Pejeta, ulichapishwa Januari 2024 katika jarida la Science. Mwandishi wake wa kwanza, Douglas Kamaru, ni Mkenya mwenzetu, ila alikuwa akisomea uzamifu Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Nampongeza kwa dhati. Lakini sisimizi wa Laikipia kusomewa Wyoming!

Ninafundisha biolojia karibu na Nanyuki. Kijana mmoja niliyemfundisha ana shahada ya kwanza, na watafiti wageni humwajiri kibarua cha siku. Anazijua aina zote nne za sisimizi wa mgunga ule: huyu hukata machipukizi, yule hakai kwenye vinundu bali kwenye matundu ya mbawakawa. Kila mwaka hujaza karatasi za takwimu za watu wengine. Tangazo la nafasi ya uzamili humfikia muda wa maombi ukiwa umekwisha, na hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kumwandikia profesa asiyemjua.

Sisemi milango yote imefungwa. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, imekuwa ikilea wanafunzi wa uzamifu tangu 1983. Kinachoniuma zaidi ni kinachofuata. Aliyepata uzamifu wa wadudu akirudi kufundisha chuoni, hukuta kazi ya kusahihisha mitihani ya umati wa wanafunzi, na muda wa kurudi porini hana. Uhasama wa sisimizi na tembo hausomeki kwa msimu mmoja. Wanahitajika watu wenye uzamifu wanaolipwa mshahara miaka mitatu hivi kwa utafiti tu, wakiishi hapa mvua ikinyesha na ikikosa.

Nacosti, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, humtaka mtafiti mgeni aambatane na taasisi ya humu nchini. Sharti hilo lisiishie kwenye barua na muhuri. Mradi wa miaka mingi uje na mwanafunzi wa hapa mwenye karo iliyolipwa, na jina lake liandikwe kwenye kibali.

Nawe Mhariri, zabuni unazipa kurasa nzima. Naomba robo ukurasa kwa mwezi ya nafasi za uzamili, uzamifu na za watafiti wapya, kwa Kiswahili, kabla siku ya mwisho haijapita.

Mwalimu wa Biolojia,
Nanyuki