Mbona jina limelala?

Shoga yangu wa Wete,

Assalaam alaykum. Halua imefika salama. Barua yako niliisomea pale pale bandarini, nikacheka peke yangu mpaka mchukuzi akanitazama. Hiyo uliyoniandikia, ya herufi za vichwa vya risiti kujilaza zenyewe kwenye programu yako, ilishanikuta mie, tena mbele ya mteja.

Alikuja bi mkubwa mmoja dukani, hapa Darajani, kutaka kadi za harusi ya mwanawe. Kwenye programu yangu ya kuchapia, jina la bi harusi nikaliweka herufi nzito, na mstari chini. Akataka likolee zaidi, nami nikabonyeza tena kitufe cha nzito. Mashine ikatoa kadi, akaiinua machoni: "Mbona jina la mwanangu limelala?" Kweli, herufi nyembamba, zimeinama kama minazi wakati wa kusi.

Kisa ni hiki. Katika C#, lugha ya kuandikia programu, mitindo ya herufi (FontStyle) ni namba: kawaida 0, nzito 1, mlazo 2, mstari chini 4, mstari wa kukata 8. Kila mtindo una biti yake, yaani swichi ndogo ya 0 au 1 ndani ya namba, ndiyo maana 3 haikupewa jina: ni nzito na mlazo pamoja. Mie nilikuwa najumlisha. 4 + 1 ni 5, sawa kabisa, na hapo ndipo alama ya kujumlisha inapokuhadaa, maana mara ya kwanza jibu ni la haki. Ongeza nzito juu ya nzito, 5 inakuwa 6, na 6 ni mlazo na mstari chini. Nzito imekwenda zake! Na C# ilikataa kunijumlishia enumu mbili, yaani namba zilizopewa majina kama hizo za mitindo; kwa ukaidi wangu nikazigeuza namba tupu.

Badala ya +, tumia |, alama ya "au". Hiyo huwasha biti, na iliyokwisha kuwaka huiacha inawaka. 5 | 1 ni 5, hata ubonyeze mpaka Isha.

Kuzima nako usitoe. Wewe umeandika mtindo - Nzito, sivyo? Basi kichwa chenye mstari chini tu, 4 - 1 ni 3: mstari umepotea, nzito na mlazo vimeingia bila kubisha hodi. Andika mtindo & ~Nzito. Ile ~ hugeuza biti zote za Nzito, kisha &, alama ya "na", inaizima hiyo ya Nzito na kuzibakisha nyingine zote kama zilivyo. Na ^ iachie kitufe cha kuwasha na kuzima. Ukiitumia kuzima kilichokwisha zimwa, utakiwasha.

Ukitaka kujua kama nzito imo, usiulize mtindo == Nzito, kwani 5 si 1. Uliza (mtindo & Nzito) != 0, yaani jibu si sifuri. Mabano hayo yashike sana, hasa kwenye ile programu yako kongwe ya lugha ya C. Kule == hutangulia mbele ya &, kwa hiyo mtindo & MSTARI == MSTARI huanza na MSTARI == MSTARI, ambayo ni kweli, yaani 1, na 1 ndiyo namba ya nzito. Unauliza habari za mstari, unajibiwa habari za nzito, wala kompaila, ile inayoigeuza programu kuwa lugha ya mashine, huenda isiseme kitu. Hilo lilinikesha usiku kucha.

Bi mkubwa nilimchapia kadi upya bila malipo, na moja akaniandikia mie. Faili la risiti nitumie leo, nitazame hizo sehemu unazotoa. Nisalimie mama.

Wako,
shoga yako wa mjini