Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: fundi wa mashine za kuchuja maji anatakiwa leseni gani?

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Najua malalamiko yana njia zake. Nimezipita zote, mpaka walinzi wa getini wananiita kwa jina.

Wiki iliyopita niliitwa na shule moja jirani na Usa River, Arumeru. Wazazi walichangishana wakanunua mashine ya kuondoa floridi, yale madini ya kwenye maji ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, ikazinduliwa kwa utepe na keki. Nilipofungua makopo yake nikakuta chujio la kuzuia mchanga, mkaa wa kawaida na taa ya kuua vijidudu. Basi! Muulize mtaalamu yeyote wa Wizara yako: mkaa ule si wa kazi hiyo, na taa haiondoi madini. Membreni, yaani utando mwembamba unaozuia madini, haikuwepo. Hata mkaa wa mifupa, ambao kituo chenu cha utafiti wa kuondoa floridi cha Ngurdoto kimeutafiti miaka mingi, haukuwepo. Nimesimuliwa kwamba siku ya kukabidhi, aliyefunga alichovya kipima-chumvi mbele ya mwalimu mkuu, namba zikatokea, watu wakapiga makofi. Kifaa kile hakiwezi kukuambia floridi ni kiasi gani. Sasa hivi simu yake haipatikani.

Meno ya watoto wa huku unayajua, na miguu ya baadhi yao pia. Zamani nchi yetu iliruhusu miligramu 4 za floridi kwa lita, baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5, sawa na cha Shirika la Afya Duniani. Ahsanteni sana. Ila nani anamkagua mtu anayelipwa ili maji yafike hapo?

Na kinachoniuma zaidi, kazi ya shule ile niliiomba mimi. Nikakataliwa kwa kukosa "leseni husika". Leseni ipi? Mchimba visima anajua yake, imo kwenye kanuni. Mimi ofisi ya kwanza iliniambia nisajiliwe kama mkandarasi. Ya pili ikasema nauza vifaa, hivyo leseni ya biashara inatosha. Ya tatu ikanishauri nikasome VETA, na cheti changu cha VETA cha ufundi bomba kiko mezani kwao wanakitazama. Aliyepewa kazi alikuwa na barua yenye nembo ya rangi.

Kikoba kinanidai hela nilizonunulia kipimo cha floridi, na anayekwenda vikaoni kusemwa ni mke wangu. Wenzangu wanasema kuna watu wanakula humo. Mimi nahisi kila ofisi inasubiri nyingine ianze. Kwenye kikao kimoja cha wadau ofisa alitutuliza kwamba utaratibu "uko mbioni". Kwa mbio hizo, Mheshimiwa, utaratibu huo ungekuwa umeshafika Dodoma na kurudi.

Siombi zabuni wala msaada. Naomba karatasi moja: fundi wa mashine hizi awe na nini, akipate wapi, kwa shilingi ngapi. Na asilipwe hata senti mpaka maji yaliyotoka kwenye mashine yake yapimwe maabara. Kama utaratibu upo, ubandikwe kila halmashauri. Kama haupo, semeni haupo, ili nisikataliwe tena kwa kukosa kitu ambacho hakuna anayekitoa. Karatasi moja tu, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa mashine za maji, Usa River