Uzi wa flai unanata, rili imekwama: soma hapa kabla hujanunua vifaa vipya

Bahari ikishatulia tu, kuanzia Oktoba hivi kusi likilegea, dukani kwetu hapa Mtwara maswali ni mawili kila siku. La kwanza "mna fimbo nzuri?", la pili "huu uzi mbona unanata hivi?". La kwanza hatulijibu mpaka utuambie unavua wapi, na kuna wateja wanakereka wanaona tunawazungusha, lakini jamani fimbo ya kuvulia changu pale Shangani maji yakiwa ya magoti na fimbo ya kusimama nayo Ruvula ukimsubiri kolekole mkubwa ni vitu viwili tofauti kabisa, ukichanganya umetupa hela. La pili, la uzi wa flai, yaani uvuvi wa kurusha chambo chepesi cha manyoya, ndo tunataka kuliongelea leo, kwasababu watu wananunua uzi mpya wakati wa zamani ungeoshwa tu, na wengine wanaosha mwezi mzima uzi ambao hata ukiuosha na maji ya zamzam hautafaa huku kwetu.

Wanaotuletea hizi nyuzi wengi ni vijana wa boti wanaotembeza wageni. Mgeni kaja na vifaa vyake toka Uingereza huko, kavua wiki yake, siku ya kuondoka anamwachia nahodha fimbo na rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, asante bwana. Zawadi nzuri na sio ya bei ndogo. Tatizo seti yenyewe mara nyingi ni ya trauti, samaki wa mito ya baridi kama ile ya Mufindi, sio ya maji ya chumvi ya uvuguvugu kama haya ya kwetu.

Kwa ambao hawajawahi kuvua flai ngoja tueleze kidogo. Kwenye mshipi wa kawaida kinachokwenda mbali ni chubwi, unarusha risasi nayo inavuta mshipi. Kwenye flai chambo ni manyoya yamefungwa kwenye ndoana, hayana uzito wowote, kwahiyo uzito umewekwa kwenye uzi wenyewe, ndio maana uzi wa flai ni mnene na una rangi kali na bei yake inashtua. Ndani una kiini cha nailoni au uzi wa kusuka, nje umevikwa plastiki. Sasa uzi wa mito ya baridi unatengenezwa laini makusudi, kiini laini, plastiki laini, ili kwenye maji ya baridi usijikunje. Ulete Mtwara saa sita mchana, uuache juu ya ubao wa boti, plastiki inalegea, uzi unalala kama tambi zilizoiva sana, unagandia kwenye zile pete za fimbo na unarusha mita nane unaishia hapo. Uzi wa nchi za joto una kiini kigumu na plastiki ngumu. Na huo huo ukiupeleka Mufindi asubuhi ya Julai utajikunja kama springi, kwahiyo hakuna uzi mmoja wa kila mahali, anayekwambia upo anakuuzia.

Jinsi ya kujua wako una shida gani: chukua beseni la maji ya uvuguvugu weka sabuni kidogo ya vyombo, pitisha uzi wote taratibu kwa kitambaa laini, suuza maji safi, uanike kivulini. Ukikauka ukateleza vizuri, ilikuwa chumvi na uchafu tu, nenda kavue. Ukibaki unanata, basi aidha ni uzi wa baridi au umeshaliwa na dawa. Dawa ya mbu! Zile za kupaka zenye DEET zinayeyusha plastiki, na petroli ya injini nayo hivyo hivyo, na watu wa boti mikono yao muda wote ina moja kati ya hizo. Paka dawa kwa mgongo wa kiganja, vidole vya kushikia uzi viache vikavu. Na nyuzi zisikae juani, hata zile za nailoni za kawaida, ukiona duka lina roli za mshipi zimening'inia dirishani jua linazipiga toka asubuhi we pita tu, jua linaua nailoni kimyakimya na utalijua hilo samaki mkubwa akishashika.

Namba sasa. Fimbo na nyuzi za flai zina namba na zinatakiwa zifanane. Namba inatokana na uzito wa futi 30 za mwanzo za uzi: namba 5, ambayo ndo hiyo ya trauti wanayoachiwa vijana wengi, ni kama gramu 9, namba 8 ni 13 na nusu hivi, namba 12 inakaribia gramu 25. Huku kwetu namba 5 ni ya kuchezea chuchunge ndani ya ghuba siku hakuna upepo. Sisi tunamwambia mtu anayeanza achukue namba 8 au 9, fimbo ya urefu wa futi 9, inatosha kwa changu, kolekole wadogo, na mzia wa saizi ya kawaida, na inapasua upepo. Namba 12 ni ya kolekole mkubwa na kazi za boti, inachosha mkono, usinunue kwa sifa.

Mzia akiwepo weka kipande cha waya mbele ya ndoana, hana mjadala huyo, anakata nailoni kama mkasi. Na ukifunga fundo lilowanishe kwa mate kwanza ndio ukaze, nailoni ikikazwa kavu inaungua kwa msuguano na inakatikia hapohapo kwenye fundo, alafu lawama zinakuja dukani kwamba mshipi ni feki.

Chambo chenyewe tunafunga hapahapa. Mtindo unaouzika kuliko yote ni ule aliobuni Bob Clouser wa Pennsylvania Marekani mwaka 1987, una macho mawili ya risasi yamefungwa juu ya ndoana, uzito unaipindua ndoana ncha inaangalia juu, kwahiyo haikwami ovyo kwenye matumbawe, na kwa miamba ya huku hiyo peke yake inatosha uipende. Wao wanafungia nywele za mkia wa kulungu, sisi tunatumia nywele ndefu za mbuzi na manyoya ya jogoo, samaki hajawahi kulalamika. Wala sio mambo mageni sana haya, wavuvi wa mshipi wa kukokota siku nyingi wanafunga nyuzi za sandarusi kwenye ndoana wakatafutie jodari na nguru, wazo ni lilelile.

Rili. Hapa ndo pana kazi yetu kubwa.

Ukituletea rili "imekwama" tukiifungua kitu cha kwanza tunachokiona ni unga mweupe kwenye mhimili, chumvi imekauka ikawa chembechembe, na chini yake beringi imeshaota kutu ya rangi ya chai. Mara nyingi mwenyewe anakwambia "naioshaga kila siku". Ni kweli anaosha, ila anaosha kwa mpira wa maji kwa presha, na presha inaisukuma chumvi iingie ndani zaidi badala ya kuitoa. Osha hivi: kaza breki, ile inayobana uzi usitoke ovyo samaki akivuta, ili maji yasipate njia ya kuingilia kwenye sahani zake, mwagia maji baridi ya bomba taratibu kama unanawa, zungusha mkono wa rili ukiwa unamwagia, toa kile kigurudumu kinachobeba uzi usuuze na nyuma yake, futa, anika kivulini. Ikishakauka legeza breki kabisa kabla ya kuiweka, kwasababu sahani za breki zikikaa zimebanwa miezi mitatu ya kusi zinagandana, na ndio ile samaki anakimbia, rili haitoi uzi, mshipi paa! umekatika.

Mafuta: sio ya nazi, tafadhali. Tunajua yapo jikoni na yanateleza, lakini yakikaa yanakuwa gundi, tumefungua rili ikabidi tuiloweke kwanza ndo sahani ziachane. Ya kupikia hivyo hivyo. Ile ya kupuliza ya kutolea kutu inafaa kwa kulegeza tu, ukiiacha inaosha grisi yote na siku mbili chumvi inarudi kwa kasi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi, grisi ya baharini kidogo kwenye mhimili na meno, na kwenye breki usiweke kitu kama hujui ni breki ya aina gani, zingine zikilowa mafuta zinateleza na hazishiki tena, inabidi kubadilisha sahani.

Haya, wapi pa kuvua. Kwa mtu wa Mtwara mjini anza Shangani, maji yakipwa ule mwamba unatoka na una mifereji, changu wadogo na kolekole wanapandia humo maji yakianza kurudi. Pwani yote hii bamvua ina tabia moja, maji yanapwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi na yanajaa jioni saa 10 hivi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwahiyo siku za bamvua unatembea nje asubuhi, unasubiri, kuanzia saa 6 maji yanapanda na samaki wanapanda nayo, ndo saa ya kazi hiyo. Siku za maji mafu saa zinageuka na mwendo wa maji unakuwa mdogo, unaweza kukaa Mikindani ndani ya ghuba ukavua karibu na mikoko bila presha. Ila kwenye bamvua angalia nyuma yako, sio mbele tu, maji yanajaza kwanza ule mfereji ulioko kati yako na nchi kavu, we uko kwenye fungu umekauka unafurahia kolekole kumbe njia ya kurudi imeshafika kifuani. Vaa viatu vigumu, miiba ya bahari ipo kibao na kuna samaki wenye sumu mgongoni wanaofanana na jiwe, na kwenye mchanga tembea kwa kuburuza miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akusikie aondoke.

Beseni tena: toboa pembeni pitisha mkanda, lifunge kiunoni mbele, uzi unaouvuta unaangukia humo badala ya kuangukia kwenye matumbawe na kujifunga. Watu watacheka. Waache.

Msangamkuu unavuka na pantoni, upande wa nje una mwamba mzuri na watu wachache. Msimbati na Ruvula ndo penyewe kwa samaki wakubwa, kina kinashuka karibu sana na ufukwe, umesimama kwenye mchanga mkavu na mbele yako maji yameshakuwa ya bluu nzito. Ila pale ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ya pili nchini baada ya Mafia. Kuna kiingilio, kuna maeneo huruhusiwi kuvua kabisa, na kwa uvuvi wa burudani unatakiwa uwe na kibali, uliza ofisi ya hifadhi au ya uvuvi ya wilaya kabla hujakata tiketi ya daladala. Kuelekea mdomo wa Ruvuma hatumpeleki mteja wala kumshauri aende peke yake, kuna mamba na viboko, na ni mpakani, bila mwenyeji na bila kuripoti kijijini usiende.

Lindi, vuka na pantoni uende Kitunda, Mto Lukuledi unapokutana na ghuba maji yakiwa yanatoka kuna mkizi wengi na wanaowafuata mkizi. Maji pale yanakuwa na tope masika, usipoteze muda Machi na Aprili, na chambo weka cheusi au cha rangi nzito. Kilwa Masoko ni habari ya boti, nje kule ni jodari, nguru na sulisuli, flai inawezekana ila ni namba 12 na mgongo uwe mzima.

Huduma yetu: kufungua rili, kuosha, kubadilisha beringi na grisi tunamaliza siku hiyohiyo kama beringi ya saizi yako ipo, isipokuwepo tunaagiza Dar na tunakwambia ukweli itachukua muda gani. Uzi unaonata ulete tuuangalie bure, hatukuuzii mpya kabla ya kuosha wa zamani mbele yako. Pete za fimbo zilizovunjika tunabadilisha, ncha ya fimbo iliyokatika tunaunga, ila fimbo iliyokatika katikati hatuungi, ilete tukukatie uitumie ya mtoto. Jumapili tumefunga. Na rili ilete ikiwa kavu na imetolewa uzi, tukianza kutoa mita 200 za uzi kwa mkono ndo kazi inapochelewa.