Si mwili unaozoea dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli ninayoisikia karibu kila siku, kutoka kwa wagonjwa na, inasikitisha kusema, hata kwa baadhi ya watoa huduma: kwamba fulani hakupona kwa sababu "mwili wake umeshazoea dawa".

Mwili wa binadamu hauzoei antibaiotiki. Wanaobadilika ni bakteria. Miongoni mwa mamilioni yao huwapo wachache ambao, kwa mabadiliko ya vinasaba, wanaistahimili dawa: wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini, wengine huisukuma dawa nje ya seli, na wengine hubadilisha sehemu ile ambayo dawa ingeishika. Dawa ikishawaua wenzao, hao wachache hubaki na uwanja mzima wa kuzaliana, na wapo bakteria ambao katika mazingira mazuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Isitoshe, huweza kuwapa bakteria wengine, hata wa jamii tofauti, kipande cha vinasaba chenye usugu huo. Ndiyo maana mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha antibaiotiki anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu. Anayeamini kwamba mwili ndio uliozoea hudhani tatizo ni la mgonjwa peke yake, kumbe ni la kila anayemgusa na kumuuguza.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huweza kuwafanya bakteria wawe sugu. Watafiti wamekadiria kuwa mwaka 2019 usugu huu ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani.

Mimi hufanya kazi maabara, na huko usugu huonekana kwa macho. Bakteria kutoka kwenye mkojo, damu au usaha wa mgonjwa huoteshwa, kisha hupakwa juu ya sahani na kuwekewa vidiski vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Baada ya saa 16 hadi 18 kwenye joto la nyuzi 35, dawa inayofaa huwa imezungukwa na duara safi lisilo na bakteria, ambalo tunalipima kwa rula, milimita kwa milimita. Niliwahi kushika sahani yenye vidiski sita ambapo bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwa vitano, na mgonjwa alikuwa amekwishamaliza dozi ya dawa mojawapo kati ya hizo tano.

Kipimo hiki kina sharti moja ambalo husahaulika mno: sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dawa ikishaingia mwilini bakteria huweza kukataa kuota sahanini ilhali ugonjwa ungalipo. Mgonjwa mahututi hawezi kusubiri majibu, hilo nakubali kabisa. Hata yeye, mara nyingi, achukuliwe sampuli kwanza, aanzishiwe dawa papo hapo, na dawa hiyo irekebishwe majibu yakitoka.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako, kila wanapoandika habari za afya, waseme wazi kwamba bakteria ndio waliokuwa sugu, na wamkumbushe msomaji kuuliza, kabla hajapokea antibaiotiki, kama ugonjwa wake unahitaji kuotesha sampuli.

Mtaalamu wa maabara