Si kila siku mtandao ndio mbovu jamani

Mhariri, salaam.

Mimi nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu kuprinti, kuskani na kujazia watu fomu za mtandaoni, za ajira, za mikopo ya chuo na kadhalika, na watu wanaonijia wengi wameshaambiwa kwingine mtandao mbovu njoo kesho, wengine wametoka Muheza au Pangani huko na nauli imeshaliwa, halafu ukija kuangalia mtandao hauna tatizo lolote. Kilichochoka ni kompyuta ya yule aliyewahudumia, programu zake za miaka hiyo.

Kupima mbona rahisi. Ukurasa ukigoma kwenye kompyuta, washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta kwenye hiyohiyo simu, halafu fungua ukurasa uleule huku na huku. Simu ikifungua na kompyuta ikakataa basi kampuni ya simu haina kosa hapo, bando ni lilelile.

Ninavyoona mimi tatizo kubwa ni Windows 7, mfumo wa kuendeshea kompyuta wa zamani. Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, na Chrome, ile brauza (programu ya kufungulia tovuti), nayo mwanzoni mwa 2023 ikaacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake, ya mwisho ni namba 109. Kwa hiyo unakuta mtu ana Chrome kabisa, anaiona hapo, anajua yuko vizuri, kumbe imeganda kwenye 109 na tovuti zinazidi kutengenezwa kwa brauza za leo, ndo maana vitufe havibonyezeki, menyu haishuki, au ukurasa unatoka mweupe pee. Na kuna maofisi bado wanabonyeza ile e ya bluu ya Internet Explorer, ambayo Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 2022! Kama mashine haina uwezo wa kubeba Windows mpya, basi weka angalau brauza ya Firefox, ile ya ESR (toleo linalohudumiwa muda mrefu) namba 115, hiyo iliendelea kupewa viraka vya usalama kwenye Windows 7 wakati Chrome imeshanawa mikono.

Halafu kuna hili la saa, linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kompyuta ya mezani iliyozeeka ina kibetri kidogo ndani, CR2032, kikifa basi kila umeme ukikatika (na hapa kwetu mnajua wenyewe) tarehe inarudi nyuma miaka kibao. Sasa kila tovuti ya siku hizi ina cheti chake cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta inayodhani tuko 2009 inaona cheti hakijaanza hata kutumika, inakuandikia muunganisho si salama, na mhudumu anamwambia mteja tovuti imehakiwa. Rekebisha saa kwanza, badilisha na kibetri, hata hela ya maana hakili.

Kwenye mafaili nako ni hivyohivyo. Mtu anatumiwa barua ya Word yenye docx mwishoni, anakuja nayo kwenye flashi, mhudumu ana Word 2003, inatoka vidudu vidudu vya ajabu na mteja anaambiwa faili limekufa. Halijafa, docx imeanza na Word ya 2007, hiyo ya nyuma yake haiijui mpaka iongezewe kitu. LibreOffice, programu ya kuandikia kama Word, ni ya bure kabisa na inaifungua, japo mpangilio unaweza kuchezacheza kama fonti hazipo, kwa hiyo CV geuza PDF kabla hujaituma, usimwachie mwenye steshenari abahatishe.

Ila lawama nyingine naipeleka kwa wanaopandisha hizo fomu. Kuna fomu za PDF za aina ya XFA, ukiifungua ndani ya brauza nyingi unaona maneno ya Kiingereza tu ya kukuambia subiri, na utasubiri mpaka kesho kutwa maana hakuna kinachokuja. Hiyo mara nyingi inabidi uidanilodi kwanza halafu uifungue na Adobe Reader yenyewe kwenye kompyuta, kwenye simu mara nyingi haifunguki. Sasa jamani, mnajua wananchi wengi wana simu tu, fomu ya namna hiyo mnamwekea nani? Wekeni PDF ya kawaida inayofunguka popote, na mkikagua tovuti zenu msizikague kwenye laptopu mpya ya mkuu wa kitengo, zikagueni kwenye simu ya bei ya chini.

Najua wenzangu watasema kuapdeti kunakula bando, ni kweli kunakula, na mafundi wengi wakikupigia Windows ya kukraki wanazima apdeti makusudi isije ikagundulika. Mimi naziachia usiku kwa bando la usiku, asubuhi mashine ipo tayari. Na mteja naye ana haki ya kuuliza, "hii brauza yako ya lini?", kabla hajalipia huduma, akijibiwa kwa ukali ahamie duka la pili, steshenari Ngamiani hazijapungua.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga