Kabla hujanunua hizo kayaki

Nyegezi, Mwanza
7 Septemba 2025

Mpendwa Baba Kulwa,

Salamu kwako, kwa Mama Kulwa na kwa hao mapacha wanaokumalizia ugali. Sisi huku wazima, ila vumbi la kiangazi linatutesa na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia.

Uliniagiza kwamba semina ya kazini ikinifikisha Denmark, nipande hizo kayaki zao za jioni, vile vyombo vyembamba vya kupiga kafi, nikuangalizie wanavyoendesha, kwa kuwa umepata mtu anayeuza kayaki kuukuu na wageni wanaoshuka melini hapo Nansio, Ukerewe, hawaishi kuuliza kuna nini cha kufanya ziwani jua likipoa. Nimepanda. Ningekupigia simu, lakini mtandao wa kwenu hukata pale pale penye utamu, kwa hiyo nakuandikia na barua nampa kijana wa melini akuletee mkononi. Soma yote kabla hujatoa hata shilingi.

Kwanza uelewe mji wenyewe, maana bila hivyo hutajua wanauza nini. Copenhagen uko baharini, na bahari inaingia hadi mjini kwa mifereji. Sehemu tuliyozunguka zaidi inaitwa Christianshavn. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1600 kwa amri ya Mfalme Christian wa Nne, na aliyeichorea ramani ni Mholanzi, Johan Semp, ndiyo sababu mitaa yake ya maji inafanana na ya Amsterdam. Hawakuchimba kwa urembo. Jahazi la mizigo lilifunga kamba mbele ya ghala la mfanyabiashara, magunia yakavutwa kwa kapi hadi ghorofani. Ukipita leo unaona maghala yale yale, ila ndani wanakaa watu na madirishani kuna maua. Mfereji mwingine, Nyhavn, ule wa nyumba za rangi rangi unaouona kwenye kila picha ya mji ule, ulichimbwa kati ya 1670 na 1673, na miongoni mwa waliotiwa majembe mikononi ni mateka wa vita wa Kiswidi. Hilo kwenye picha halionekani.

Nililipa karibu kroni mia nne, yaani kama laki moja na nusu ya hapa, kwa saa mbili. Najua umeshika kichwa. Subiri.

Tulianza saa moja na nusu jioni, na jua lilikuwa bado limesimama. Katikati ya mwezi wa Nane kule linazama saa tatu kasoro usiku, na mwezi wa Sita linaburuta hadi saa nne kasoro. Hata likishazama, mwanga hauondoki upesi, unabaki angani ukisitasita, rangi moja inaipisha nyingine. Kwa hiyo wanaposema matembezi ya jioni, sehemu kubwa ya safari mtu anaona mbele yake bila taa. Sisi huku jua linashuka karibu saa moja, ukigeuka kumwita mtoto aingie ndani, ukirudisha uso ziwani huoni kitu. Biashara yao imesimama juu ya jioni ndefu ambayo wewe huna. Hilo liweke kichwani, nitalirudia.

Mwongozaji wetu alikuwa binti mdogo, mwanafunzi nadhani, mwenye mikono ya mvuvi. Kabla hatujagusa maji alitukalisha chini, akatuonyesha namna ya kushika kafi. Kafi lao lina bapa pande zote mbili, unachota kulia, unachota kushoto, na kiuno ndicho kinachofanya kazi kuliko mabega. Akauliza nani hajui kuogelea, akauliza tena, kwa sababu mara ya kwanza watu wazima wawili walinyamaza kwa aibu. Kila mtu akavaa jaketi okozi, na yeye akavaa la kwake akafunga hadi kamba ya mwisho. Hilo nililipenda kuliko hotuba yoyote. Mimi na wewe hatuna haja ya kuelezana habari za jaketi, baada ya kivuko MV Nyerere kupinduka pale Ukara mwaka 2018. Ila unajua vilevile vijana wa hapo Nansio wanavyolivaa: wanalikalia.

Sasa chombo chenyewe. Kwenye mtumbwi unakaa juu ya ubao, unatazama maji. Kwenye kayaki makalio yako yanakaribia kuwa chini ya usawa wa maji, na kila kitu kinapanda juu yako: ukuta wa gati, ngazi zenye ukungu wa kijani, tumbo la boti ambazo watu wamezifanya nyumba. Madaraja mengine ni ya chini kiasi kwamba unalala mbele, kifua juu ya magoti, unapita ukisikia magari kichwani. Mfereji mmoja ulikuwa mwembamba kama kichochoro cha Makoroboi. Kulikuwa na boti kubwa za watalii pia, zimejaa watu na kipaza sauti kinamwaga maneno lugha baada ya lugha bila kupumua. Tulizipisha kwa kubana ukingo wa kulia. Waliokuwa ndani walitupiga picha sisi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona ile laki na nusu imekwenda wapi.

Lakini imekwenda zaidi kwa yule binti. Tulikata maji muda mrefu bila yeye kusema lolote. Kisha akafika mahali, akatuambia tushikane, kila mtu ashike ukingo wa kayaki ya mwenzake, ikawa kama jukwaa moja linaloelea, ndipo akasimulia. Dakika tatu, nne. Halafu kimya tena. Hakuwa na kipaza sauti na hakupiga kelele.

Kituo kimoja kilikuwa mbele ya Børsen, soko lao la zamani la biashara ambalo Christian wa Nne alianza kulijenga mwaka 1619. Lilikuwa na mnara wa majoka manne yaliyosokota mikia kwenda juu, mita 56, na watu walipenda kusema majoka hayo ndiyo yanayolilinda. Kasri la jirani liliungua mwaka 1794, likaungua tena 1884, Børsen likapona. Tarehe 16 Aprili 2024, mafundi wakiwa wanalikarabati, likawaka, na mnara ukaanguka mchana kweupe. Binti alisema alipita hapo kwa baiskeli asubuhi ile akakuta watu wa kawaida, wapita njia tu, wanasaidia kubeba michoro ya zamani kuitoa nje kwa mikono. Sasa wanalijenga upya, na sisi tulikuwa chini tunatazama majukwaa ya mafundi. Hakuongeza chumvi. Aliacha tutazame.

Kingine ndicho hasa nilichotaka kukuandikia. Giza lilikuwa limeanza kukaza, tukafika karibu na daraja liitwalo Højbro, akatuambia tuzime simu na tutazame chini. Baba Kulwa, ndani ya maji, kwenye sakafu ya mfereji, kuna watu. Wa shaba. Baba mmoja na wanawe saba, mikono wameinyosha juu, na taa zinawamulika kutoka huko huko chini. Ni kazi ya msanii wao Suste Bonnén, iliwekwa mwaka 1992. Hadithi yake ni ya zamani: binti wa nchi kavu, Agnete, aliolewa na mwanamume wa baharini akamzalia watoto saba. Siku moja akasikia kengele za kanisa, akaomba ruhusa apande juu mara moja, hakurudi tena. Wale ni mume na watoto wanamwita. Daraja lile hupitwa na watu kutwa kucha na wengi hawainamishi shingo. Mama mmoja wa makamo kwenye kayaki ya mbele yangu alianza kulia, na binti hakumsemesha, akamshikia tu kayaki isiyumbe.

Nikamkumbuka bibi yako na habari zake za Mugasa mwenye ziwa, alivyokuwa akitukataza kupiga mluzi majini jioni. Wewe unazo zote kichwani. Hujawahi kumsimulia mgeni hata moja, unawaambia uzito wa sangara.

Kuhusu maji nitapita haraka. Miaka ya nyuma bandari yao ilikuwa chafu, maji taka na ya mvua yalimwagikia humo. Mji ukajenga mahandaki na matangi ya kuyazuia mvua kubwa inaponyesha, mpaka yasafishwe, na mwaka 2002 wakafungua bwawa la kuogelea ndani ya bandari yenyewe, pale Islands Brygge. Tulipita watoto wanajirusha. Na sisi Mwanza tuna mfereji wetu wa kihistoria katikati ya mji, unaitwa Mirongo, na nakushauri usimpeleke mgeni.

Haya, sasa biashara yako. Usiige saa zao. Watu wawe majini saa kumi na nusu, na saa kumi na mbili na nusu kila kayaki iwe mchangani, mgeni atake asitake. Pamoja na giza kuna upepo, na huo unaujua kuliko mimi: mchana unavuma kutoka ziwani, ukimkosea mgeni unamrudisha ufukweni. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mtu wa mjini aliyechoka mabega atasukumwa taratibu kuelekea kusikotakiwa huku anatabasamu. Mvua za radi za ziwa letu nazo hupenda usiku. Na kiboko hutoka majini kwenda malishoni saa hizo hizo za machweo, kwa hiyo kwenye matete usisogee, hata akikuahidi dola. Mfereji wa Copenhagen una kuta pande zote mbili, ukichoka unashika ukuta. Wewe ukuta wako uko Bukoba.

Kwa sababu hiyo usinunue kayaki zote kumi anazokuuzia. Chukua nne, za watu wawili wawili, dhaifu aketi na mwenye nguvu. Pesa inayobaki iende kwenye jaketi zenye saizi za watoto na za watu wanene, na kwenye mafuta ya mtumbwi wa mashine utakaowafuata nyuma kwa mbali, mwanao mkubwa ndani yake. Nenda ofisi ya TASAC, wale wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, mapema ukaulize masharti ya kubeba abiria wa namna hiyo, wasije wakakukuta tayari umeanza. Na kila siku kabla ya safari usikilize utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Najua utaniambia mawingu unayasoma mwenyewe. Sikiliza hivyo hivyo, mgeni anapenda kuona umesikiliza.

Ukimaliza safari usiwatawanye. Wakalishe mchangani, wapate kula samaki wa Mama Kulwa, maana hapo ndipo giza letu linakuwa mali. Siku za giza la mwezi taa za wavuvi wa dagaa zinapowaka mstari mzima, Copenhagen hawana kitu cha kulinganisha, na kuzitazama kutoka nchi kavu hakuhitaji jaketi wala kuingilia nyavu za watu.

Na hadithi zako zisizidi tatu. Nakuomba sana, maana nakufahamu ukianza. Ya Mugasa moja. Ya pili ile ya Stanley, yule mvumbuzi wa Kizungu, kuja mwaka 1875 kumwomba Lukonge, mtawala wa Ukerewe, mitumbwi ya kuvushia watu wake, na hiyo uisimulie mkiwa mnaelea, kayaki zimeshikana, ili waone yule mgeni mwenye bunduki alivyokuwa mnyonge mbele ya maji bila vyombo vya Wakerewe. Ya tatu chagua mwenyewe, ila isiwe ya sangara.

Nitumie picha za matumbo ya hizo kayaki, siyo za juu. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hupasuka nyufa nyembamba karibu na kiti, na mwuzaji huzipaka rangi. Kama hataki kukupindulia uone chini, achana naye. Mwambie pia nataka kujua kama makafi yamo kwenye bei hiyo au anayauza kando.

Kijana wa melini anarudi Jumatano. Mpe majibu, na kama machungwa ya shambani yameiva mpe na hayo, Mama Neema ananisumbua.

Ndugu yako,
Baba Neema