Shoga yangu, usiingie kwenye kemo peke yako

Shoga yangu wa moyo,

Meseji yako niliipata jana usiku nikashindwa kuijibu, nimelala naiwaza mpaka adhana ya alfajiri nikasema hii haijibiwi kwa meseji, ngoja nimuandikie barua ndefu aisome taratibu akipata nafasi. Pole sana mamii. Najua hilo neno umeshalisikia mpaka limekuchosha, ila mimi nikikwambia pole unajua linatoka wapi.

Umeniandikia kwamba na wewe umekutwa na kansa ya titi kama mimi, ukaniuliza kitu kimoja tu, nilipitaje, alafu chini yake ukaandika hutaki watu wajue, unataka uende kimya kimya na shemeji umalize kemo, hizo dripu za dawa za kansa, urudi kazini. Hapo ndo nataka tuongee, maana mimi nilivuka kwa sababu ya watu. Dawa zilifanya kazi yake na madaktari na manesi wa Ocean Road, hospitali yetu ya kansa huku Dar, Mungu awalipe, ila kunitoa kitandani nikaifate hiyo dawa wakati mwili mzima unakataa, hiyo ilikuwa kazi ya watu, na wewe ulikuwemo. Umesahau zile voisi zako? Kila nikikaribia siku ya dripu ulikuwa unanitumia voisi usiku, mara unaniimbia pambio, mara unanisimulia umbea wa mtaani kwenu mpaka nacheka, alafu mwisho unasema "haya kesho nenda kakae kwenye kile kiti, mimi nipo". Nilikuwa naingia nazo mle ndani na earphone masikioni. Na lile furushi la dagaa na sato mkavu ulilolituma kwa basi, yani kipindi kile kila chakula kilikuwa kina ladha ya chuma mdomoni, dagaa wako wa kukaanga na ndimu ndo kitu pekee kilichokuwa kinapita.

Sasa ngoja nikueleze wengine walifanya nini, maana wewe ulikuwa mbali hukuona.

Unawakumbuka wenzangu wa kikoba. Siku nimewaambia majibu ya kile kinyama walichokata kwenye titi kwenda kupima nilitegemea wataanza kulia, walilia ndio, ila kabla chai haijapoa katibu wetu akatoa daftari akasema kila mtu achukue kazi yake. Mmoja akasema mi nitakuwa naenda nae hospitali, huyo alikuwa anaondoka Mbagala kabla hakujapambazuka anawahi foleni, mimi nikifika na bajaji nakuta namba ipo na ameshanitafutia pa kukaa. Mwingine akachukua watoto, wakitoka shule wanapitia kwake wanakula wanafanya homework. Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule wa Tanga, akasema uji na supu niachieni mimi. Na yule dada anayeongea sana tukampa simu, yani ndugu wote wa bara na wa huku wanaotaka kujua naendeleaje wanampigia yeye, mimi nisirudie hadithi ile ile kila dakika. Hiyo ya simu shoga usiidharau, kusimulia ugonjwa wako kwa watu ishirini kwa siku kunachosha kuliko ugonjwa wenyewe.

Alafu msusi wangu. Dozi ya kwanza ilipita, nywele zikakaa kama wiki mbili hivi nikadhani zimenihurumia, asubuhi moja nachana zinakuja na kitana. Nikampigia. Alifunga saluni akaja na mashine, akafunga mlango wa chumbani, akaninyoa taratibu huku ananipaka mafuta kichwani kama mtoto mchanga, hakusema "usilie" hata mara moja, aliniacha nikalia mpaka nikaisha. Kesho yake akarudi na vilemba alivyoshona kwa vipande vilivyobaki vya sare yetu ya kikoba. Nilipovaa kile kilemba nikaenda nacho hospitali ilikuwa kama nimeenda na kikoba kizima.

Ndo maana nakwambia shoga usijifiche. Sisemi utangaze status, chagua wachache unaowaamini ila wape kazi, mtu akikwambia "nikusaidie nini" usimjibu "niombee tu", mwambie jumatano nahitaji mtu wa kupika, basi. Watu wengi wanakupenda ila hawajui waanzie wapi wanaishia kukaa pembeni kwa uoga.

Na jiandae, sio maneno yote yatakuwa ya kutia moyo. Kuna watakaokusimulia shangazi yao alikuwa na hiyo hiyo akafa. Kuna watakaosema umerogwa. Kuna mtu aliacha kunywea vikombe vya nyumbani kwangu, na kansa haiambukizi kwa kikombe wala kwa kukumbatiana, nililia sana siku ile kwakweli. Na wa majani ya mstafeli hao ni wengi mno, watakuletea kwenye chupa, watakuletea ya unga, wanaapa kabisa. Nia yao nzuri, ila usinywe kitu chochote cha pembeni kabla hujamuuliza daktari wako, maana kuna miti inagombana na dawa na inalichosha ini wakati lenyewe lina kazi ya kutosha. Katika wale wa kikoba kuna mmoja alikuwa ananisaidia kwa hilo tu, mgeni akianza habari za chupa anamchukua kwa heshima wanatoka nje kuongea.

Sasa hospitali. Nashukuru sana upo Mwanza maana hospitali ya Bugando kemo zipo na mionzi ipo hapo hapo, zamani wagonjwa wa kanda ya ziwa walikuwa wanafunga safari mpaka Dar, nimekaa kwenye benchi pale Ocean Road na wamama waliotoka Kigoma na Mara wamelala kwa ndugu wasiowajua vizuri, wanawaza dripu huku wanawaza nauli. Wewe utalala kwako.

Nenda na mtu mwenye daftari. Hii ni lazima, daktari akianza kuongea wewe utasikia neno la kwanza tu mengine yatapita juu ya kichwa. Huyo mwenye daftari aulize mambo haya. Kile kinyama kimepimwa homoni na HER2? Maana kuna kansa ya titi inayolishwa na homoni, hiyo baada ya matibabu makubwa unapewa kidonge cha kumeza kila siku miaka mitano au zaidi, mimi ndo namezea tamoxifen mpaka leo, na kuna ile yenye HER2 nyingi, hiyo ni protini inayoifanya kansa ikue haraka, nayo ina dawa yake nyingine. Aulize kwako wanaanza na upasuaji au wanaanza na kemo, usishtuke wakisema kemo kwanza, mara nyingi wanataka kuupunguza uvimbe kabla ya kukata. Na aulize bima inalipa nini na nini hailipi, kabla dawa haijaandikwa, mje mjue mapema mnajipangaje.

Ukianza, mara nyingi kuna dawa moja nyekundu kama juisi ya rozela. Ukienda chooni mkojo utatoka mwekundu siku hiyo au ya pili yake, sio damu, ni rangi ya dawa. Hakuna aliyeniambia mapema hilo nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Kutapika, kunywa vile vidonge vya kuzuia kabla hujaanza kusikia kichefuchefu, usisubiri. Mdomo ukitoka vidonda sukutua na maji yenye chumvi kidogo, mswaki uwe laini. Kucha zitakuwa nyeusi, zitarudi.

Ila kitu ninachokuomba ukishike kuliko vyote ni homa. Wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu chembe nyeupe za damu zinashuka sana na mwili hauna askari. Nunua thermometer, ikae kitandani, ikigonga 38 au ukasikia baridi la kutetemeka usimeze panadol ukalala kusubiri kukuche, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata iwe saa nane usiku, na waambie mlangoni kabisa kwamba upo kwenye kemo. Kwahiyo kabla hujaanza uwe na mtu mwenye gari au bodaboda unayemuamini ambae amekubali kuamshwa usiku. Mimi huyo mtu alikuwa mtoto wa jirani mwenye bajaji, alikuwa analala na simu ina mlio wa juu kabisa, na kuna usiku mmoja tulimuamsha kweli, akanifikisha, nikalazwa na kutundikiwa antibayotiki. Ningekuwa nimejificha kama unavyotaka wewe kujificha nani angeamka usiku ule?

Na kipimo cha damu kabla ya kila dozi, ukiambiwa damu haijakaa sawa rudi wiki ijayo, utaumia moyo. Mimi ilinitokea, nilikaa pale nje naangalia bahari nimeishiwa nguvu kabisa, naona kama safari imevunjika. Mwenzangu wa foleni hakunipa maneno mengi, alininunulia dafu tukakaa tu mpaka upepo wa jioni. Wiki iliyofata damu ilikubali.

Mionzi ukifika huko utaiona nyepesi ukilinganisha, unalala dakika chache mashine inazunguka haiumi, shida yake ni kwenda kila siku jumatatu mpaka ijumaa wiki kadhaa, na ngozi inaungua inakuwa nyeusi. Usipake losheni yoyote ambayo hawajakwambia na ile michoro wanayokuchora usiisugue. Wakikutoa titi, ule mkono wa upande huo fanya mazoezi wanayokufundisha hata kama unauma, usibebee ndoo, na wakitaka kukupima presha toa mkono mwingine. Najua hapo kwenye kutoa titi ndo panakuuma zaidi hata kama hujaandika. Tutapaongelea tukiwa wawili, sio kwenye karatasi.

Kuhusu watoto waambie. Maneno machache ya umri wao, mama anaumwa, dawa itamtoa nywele, zitaota. Wakwangu niliwaambia na yule mdogo akawa ndo anayenikumbusha kunywa maji, anakuja na kikombe chake cha plastiki anasimama hapo mpaka niishe.

Mimi sasa hivi niko sawa, nywele zimerudi laini kuliko zamani, naenda kliniki zangu, miguu bado inakufa ganzi kidogo vidoleni kwa ile dawa ya awamu ya pili lakini natembea, sokoni naenda. Nimeshaongea na mume wangu na kikoba kimenikatia nauli ya basi, dozi yako ya kwanza nitakuwepo hapo Mwanza, nitakaa na wewe mle ndani na nitabaki mpaka zile siku mbaya zipite. Chumba cha wageni msihangaike, nalala na wewe.

Ila baada ya hapo nitarudi Dar, kwahiyo nataka uwe na watu wako wa hapo. Nitumie namba ya wifi yako yule anayejua kupika, ya mwalimu mwenzako mnayekaa nae ofisi moja, na ya yule mama wa jumuiya aliyekuwa anakuletea mihogo. Wewe usiwaambie chochote kama bado huwezi, nipe ruhusa tu, nitawapigia mimi. Nitumie leo.

Akupendae sana,
shoga yako wa Mbagala